Tumsome Vasco da Gama Mzima, Tusimsome Nusu

Mnamo mwezi wa Aprili mwaka 2023, habari za msitu wa Shakahola zilipoanza kutoka, karibu kila mazungumzo mjini Malindi yaliishia huko. Katika matatu, sokoni, barazani na hata katika chumba cha walimu, watu walisimuliana habari hizo tangu asubuhi hadi usiku. Makaburi yalifukuliwa siku baada ya siku, na kadiri miezi ilivyopita hesabu ya maiti ikapanda hadi ikapita 400. Nilistaajabu kuona jinsi wanafunzi wangu walivyomfahamu mshtakiwa mkuu kwa muda mfupi. Walijua kazi aliyoifanya kabla ya kuwa mhubiri, mavazi aliyoyavaa alipofikishwa mahakamani na jinsi alivyosimama mbele ya wapiga picha.

Siku moja niliwaomba wanitajie jina la mtu mmoja tu miongoni mwa wale waliofukuliwa. Darasa zima lilinyamaza. Nami nilinyamaza pamoja nao, kwa sababu sikuwa na jina la kuwapa.

Kesi hiyo ni ya mahakama, wala si kazi ya safu hii kuamua nani ana hatia na nani hana. Ninalotaka kulijadili ni tabia yetu sisi tunaosoma na kusikiliza. Mauaji yanapotokea, macho yetu humkimbilia yule anayetajwa kuwa ameua. Twataka kujua alizaliwa wapi, alilelewaje na alikuwa na moyo wa namna gani. Wale waliokufa hubaki hesabu tu. Wapo wanaodai kwamba tabia hii imeletwa na runinga na simu za mkononi. Mimi naamini ni tabia kongwe, na ushahidi wake umesimama hapa hapa kwetu, juu ya rasi ya mawe, ukitazama bahari. Nazungumzia nguzo ya Vasco da Gama.

Kwa miaka mingi walimu wa pwani na wa bara wamewapeleka wanafunzi kuitazama nguzo hiyo, nami ni mmoja wao. Tumewasimamisha chini ya msalaba wake wa jiwe lililotoka Ureno, tukawaeleza kwamba ilisimamishwa na baharia shujaa aliyeifungua njia ya kwenda India, tukapiga picha, tukarudi shuleni. Tuliyowaeleza ni kweli. Kosa letu ni kwamba tuliishia katikati ya maisha ya mtu huyo. Kwa hiyo naomba ruhusa ya wasomaji niyasimulie leo hadi mwisho.

Vasco da Gama alizaliwa katika miaka ya 1460 mjini Sines, bandari ndogo iliyo kusini mwa Ureno. Baba yake alikuwa mtu wa daraja ya kati katika utumishi wa ufalme. Wakati huo Wareno walikuwa wamekwisha kutumia miongo mingi wakiteremka polepole kwenye pwani ya magharibi ya Afrika, wakitafuta dhahabu, watumwa na njia ya baharini ya kuufikia utajiri wa viungo vya India bila ya kupitia mikononi mwa wafanyabiashara Waislamu na wa Venice. Mfalme Manuel alimkabidhi da Gama kazi ya kuikamilisha njia hiyo. Tarehe 8 Julai 1497 aliondoka Lisbon akiwa na vyombo vinne na watu wapatao 170.

Hapana budi kumpa haki yake. Safari ile ilihitaji moyo mgumu. Vyombo vyake vilikaa katika bahari kuu kwa miezi bila ya kuona nchi kavu, vikaizunguka ncha ya kusini ya Afrika mwezi wa Novemba, na kufikia Machi 1498 vikawa vimetia nanga katika kisiwa cha Msumbiji. Hapo ndipo alipokutana kwa mara ya kwanza na ulimwengu wa Waswahili: watu waliovaa nguo za pamba na hariri, waliosoma Kiarabu, waliokuwa na majahazi yaliyofanya biashara na Arabuni na India. Bidhaa alizochukua za kutoa zawadi, kama vile kofia, shanga na vyombo vya kunawia, ziliwachekesha wenyeji. Kutokuaminiana kulizuka upesi, na kabla ya kuondoka aliupiga mji huo kwa mizinga.

Mwezi wa Aprili alifika Mombasa, na habari za Msumbiji zilikuwa zimemtangulia. Kwa kushuku kwamba watu wa Mombasa walikusudia kumtega, aliwahoji watu wawili waliokuwa mikononi mwake kwa kuwadondoshea mafuta ya moto mwilini. Watu hao walijitupa baharini, mmoja wao akiwa amefungwa mikono. Habari hii haikusimuliwa na adui yake. Iliandikwa katika kumbukumbu ya safari na mmoja wa watu wake mwenyewe. Hata hivyo, majina ya watu hao wawili hakuyaandika.

Alipokuwa njiani kuja Malindi aliliteka jahazi moja lenye watu 17, pamoja na mzee mwenye heshima na mkewe kijana. Basi alipotia nanga hapa tarehe 14 Aprili 1498, mkesha wa Pasaka, alikuwa na mateka chomboni. Mfalme wa Malindi alijua jambo hilo, lakini alimkaribisha. Tusimlaumu mfalme kwa haraka. Mji wake ulikuwa katika ushindani mkali na Mombasa, na mgeni mwenye mizinga aliyekosana na Mombasa alionekana kuwa rafiki anayefaa. Kwa siku tisa palikuwa na ngoma, kondoo, karafuu na heshima za kila namna. Mfalme alimwomba mgeni ashuke pwani, lakini da Gama alikataa, akisingizia kwamba bwana wake hakumruhusu. Wakaonana wakiwa katika mashua.

Kuna tukio moja la siku hizo ambalo vitabu vyetu vya darasani havilitaji. Da Gama alihitaji rubani wa kumvusha hadi India, na alipoona rubani anachelewa, alimkamata mtumishi wa karibu wa mfalme aliyekuwa amefika chomboni, akatuma ujumbe kwamba hatamwachilia mpaka rubani aletwe. Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo ya ukarimu wa Malindi. Rubani aliletwa. Kwa muda mrefu tumefundisha kwamba alikuwa Ahmad bin Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Arabuni. Wanahistoria wengi leo hawakubaliani na jambo hilo, na wengi huamini alikuwa mtu wa Gujarat. Kwa vyovyote vile, kwa kutumia elimu yake na upepo wa kusi, vyombo viliondoka Malindi tarehe 24 Aprili na kufika Calicut, katika pwani ya Malabar, tarehe 20 Mei. Safari haikutimiza mwezi mmoja. Aliyeifanya iwezekane hana hata jina moja lisilobishaniwa, ilhali aliyepelekwa ana nguzo.

Wakati wa kurudi da Gama hakuwa na rubani kama yule, wala hakuyangoja majira ya upepo. Kuivuka bahari ile ile kulimchukua takriban miezi mitatu. Mabaharia wake walishikwa na kiseyeye, fizi zikavimba juu ya meno, na watu 30 wakafa katika sehemu hiyo tu ya safari. Walipofika Malindi mwezi wa Januari 1499 walikuwa hoi. Mfalme aliwapelekea machungwa, kuku na mayai. Hapo ndipo da Gama alipoomba idhini ya kusimamisha nguzo iwe alama ya urafiki, na mfalme akakubali. Alipofika Ureno mwaka huo, zaidi ya nusu ya wenzake walikuwa wamekwisha kufa, akiwamo ndugu yake Paulo. Mfalme Manuel alimpa malipo ya kila mwaka na cheo cha Amiri wa Bahari ya India.

Masomo yetu mengi huishia hapo. Mwanafunzi hufunga daftari akiwa na picha ya msafiri mvumilivu. Lakini da Gama aliishi miaka mingine 25, na katika miaka hiyo kuna mwaka 1502.

Mwaka huo alirudi kwetu akiwa na kundi kubwa la manowari. Mwezi wa Julai aliingia Kilwa, akamtisha Sultani Ibrahim kwamba mji utateketezwa, akamlazimisha kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ya Kilwa ilifuliwa ikawa chombo kitakatifu cha kanisa kilichokamilika mwaka 1506, na chombo hicho kimehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Wanaokitazama huusifu ufundi wa sonara.

Kutoka Kilwa alivuka hadi pwani ya Malabar, akakaa akivizia. Mwishoni mwa Septemba ilitokea meli kubwa iitwayo Miri, ikirudi kutoka Makka. Ndani yake mlikuwa na mamia ya watu: mahujaji, wafanyabiashara wa Calicut, wanawake wengi na watoto. Hesabu za waandishi wa wakati huo hazilingani, lakini hakuna inayopungua 200. Abiria hawakutaka vita. Tajiri mmoja aliyekuwamo, ambaye jina lake liliandikwa kwa sababu ya utajiri wake, aliahidi fidia kubwa, kisha akaiongeza. Da Gama alichukua mali iliyokuwamo, akawanyang'anya silaha na usukani, halafu akaamuru meli itiwe moto pamoja na watu wake.

Abiria walipofahamu kwamba hapana rehema, waliuzima moto na kupigana kwa mawe na kwa chochote walichokipata. Wanawake waliinua juu vito vyao vya dhahabu, na wengine waliwainua watoto wao wachanga, ili amiri awaone na awahurumie. Da Gama alikuwa akitazama kupitia tundu la chombo chake. Mapambano yalichukua siku kadhaa, na tarehe 3 Oktoba 1502 Miri iliteketea. Waliojitupa majini walifuatwa na mashua na kuchomwa mikuki. Waliosalimishwa ni watoto wapatao 20, waliochukuliwa ili wafanywe Wakristo, pamoja na rubani mmoja mwenye kibyongo aliyekuwa na manufaa. Mwandishi mmoja Mreno aliyeshuhudia tukio hilo alikiri kwamba siku ile hataisahau maisha yake yote.

Wiki chache baadaye, mbele ya mji wa Calicut, aliwakamata wavuvi na watu wengine wa kawaida waliokuwa wakipita katika mashua zao. Zaidi ya 30 kati yao waliangikwa kwenye milingoti ili mji uone. Kisha vichwa, mikono na miguu yao ilikatwa, ikatiwa katika mashua na kusukumwa pwani pamoja na barua kwa mfalme wa mji. Mji ukapigwa mizinga siku mbili.

Baada ya hapo alirudi nyumbani salama, hakuulizwa lolote. Aliishi kwa utajiri, akalea watoto wake, na mwaka 1519 akatunukiwa cheo cha kuwa mkuu wa Vidigueira. Mwaka 1524 aliitwa tena, akatumwa India kuwa makamu wa mfalme, lakini aliugua na kufa huko Cochin tarehe 24 Desemba mwaka huo huo. Mwaka 1539 mifupa yake ilirejeshwa Ureno, na sasa kaburi lake liko katika kanisa la Jerónimos mjini Lisbon, karibu na kaburi la Luís de Camões.

Ujirani huo wa makaburi una maana. Camões ndiye aliyetoa mwaka 1572 utenzi mkubwa uitwao Os Lusíadas, na shujaa wa utenzi huo ni Vasco da Gama katika safari yake ya kwanza. Mfalme wetu wa Malindi yumo pia, akiwa ameketi kusikiliza masimulizi ya mgeni. Kutokana na utenzi huo na mengine yaliyofuata, jina la baharia huyu limeenea hadi kwenye bandari huko Goa, klabu ya kandanda mjini Rio de Janeiro iliyoanzishwa mwaka 1898, na daraja refu la Lisbon lililofunguliwa mwaka 1998, miaka 500 baada ya safari yake. Huko India wapo waliozipinga sherehe za mwaka huo, kwa kuwa hawakuisahau Miri.

Najua kwamba wapo watakaonijibu. Watasema mtu huhukumiwa kwa mizani ya zama zake, na kwamba zama zile zilikuwa za ukatili pande zote. Wataongeza kwamba mwaka 1500 Wareno zaidi ya 50 waliuawa mjini Calicut, na kwamba da Gama alikuwa akilipiza kisasi. Ni kweli waliuawa. Lakini mahujaji wa Miri siyo waliowaua, wala wavuvi wale hawakuwaua. Tena mizani ya zama zile tunayo: ni yule Mreno mwenzake aliyekuwapo na ambaye moyo wake ulikataa kuisahau siku ile. Ikiwa mtu wa mwaka 1502 aliutambua uovu huo kwa macho yake, sisi hatuna sababu ya kuufumbia macho.

Wengine watauliza kama nataka nguzo ibomolewe. Sitaki. Nguzo ile ni sehemu ya historia ya mji wetu na inastahili kutunzwa isiliwe na mawimbi. Hata urafiki iliousimamia una mafunzo yake. Malindi ilifaidika na Wareno kwa muda, lakini ngome ya Fort Jesus ilipoanza kujengwa mwaka 1593 walihamia Mombasa pamoja na mfalme wa Malindi, na mji huu ukadidimia hadi ukawa magofu. Mwaka 1614 mfalme Hassan bin Ahmad, wa ukoo ule ule uliompokea da Gama, aliuawa kwa hila za Wareno hao hao, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Jambo hilo nalo lifundishwe chini ya nguzo.

Ninachokitaka ni kidogo, nacho kiko ndani ya uwezo wa kila mwalimu. Tunapolifundisha somo hili, tusiishie mwaka 1499. Mwanafunzi anayeweza kuorodhesha sababu tano za kuja kwa Wareno anaweza pia kuulizwa mahujaji wa Miri walitoka wapi na walikuwa wakienda wapi. Anaweza kuulizwa wavuvi wa Calicut walikuwa na kosa gani. Maswali hayo hayana ugumu wowote. Yameachwa tu kwa sababu tumezoea kumfuata aliye na jina.

Nawe mwanafunzi, nina neno kwako. Si dhambi kutaka kujua kwa nini mtu huua. Hakimu hutaka kujua, daktari hutaka kujua, na mwanahistoria hutaka kujua, ili maovu yazuiwe. Lakini jichunguze unaposikiliza. Ukiona kwamba unamjua muuaji hadi rangi ya nguo zake, na humjui hata mmoja kati ya aliowaua, tambua kwamba umekwisha kumsaidia kupata alichokitaka. Da Gama hakuwaua wavuvi wale kwa siri. Aliwaangika juu ya milingoti na kuandika barua, kwa sababu alitaka jina lake litetemeshe pwani nzima. Jina hilo lilipewa uhai na waliolisimulia, nasi ni miongoni mwao.

Majina ya watu wa Miri yamezama, hayatapatikana tena. Ya Shakahola hayajazama yote. Wataalamu walichukua vipimo vya vinasaba kutoka kwa jamaa na kuvilinganisha na mabaki ya waliofukuliwa, na mwezi wa Machi 2024 familia za kwanza zilikabidhiwa miili ya watu wao katika hospitali ya Malindi. Zilikuja na majeneza, zikawaita marehemu wao kwa majina waliyopewa na wazazi, zikaenda kuwazika. Kilichowarudisha wale watu kutoka kwenye hesabu na kuwafanya tena kuwa mama, baba na mtoto wa fulani ni jina tu.

Mara ya mwisho nilipowapeleka wanafunzi kwenye nguzo, niliwasimulia maisha ya da Gama yote kama nilivyoyaandika hapa. Nilipomaliza, msichana mmoja aliniuliza wale watoto 20 waliochukuliwa kutoka Miri waliitwa nani. Nilimjibu kwamba sijui, na kwamba swali lake ni zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa mahali pale.